Kabla ya kumtuhumu jirani, tupime kwanza



Septemba mwaka jana, tukimalizia likizo kuu hapa Kihanga, sisi mafrateri tulikuta jumuiya yetu ndogo ndogo imegawanyika kwa sababu ya maharage. Mama mmoja alipanda kibanjani kwake, siku kumi zikapita, na mashina yaliyochomoza yakawa ya kuhesabika. Mbegu alipewa mwezi Julai na bibi jirani yake. Kwa bibi huyo, mbegu ileile iliota vizuri. Maneno yakaanza: bibi kaifunga mbegu. Kwenye sala ya jumuiya mama akakataa kumpa bibi mkono wa amani. Sisi tulikuwepo, tukanyamaza. Tuseme ukweli, baadhi yetu tuliamini.

Jioni ile mwenzetu mmoja akauliza, "Hizo mbegu kuna aliyezipima?" Hakuna aliyekuwa amezipima.

Tukaomba punje 50 kutoka kwenye debe la bibi, punje 50 zilizobaki kwa mama, na punje 50 za nyumbani kwa mmoja wetu. Kila fungu tulilifunga kwenye kipande cha kanga kilicholoweshwa. Yote matatu tukayaweka kwenye beseni moja, kivulini, na kuyanyunyizia maji sawasawa asubuhi na jioni. Siku ya saba tukafungua mbele ya mama, bibi na mwenyekiti wa jumuiya. Za bibi ziliota 46, za nyumbani 44, za mama 9.

Mtu mmoja akasema, "Si mnaona? Kafunga zile alizotoa tu." Hoja hiyo haikutuudhi, maana nayo ilipimika. Tulimuuliza mama alivyozihifadhi. Akasema hazikuwa zimekauka sawasawa, akazifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuutundika juu ya mafiga. Basi tukachukua punje nyingine za debe la bibi, tukazilowesha kidogo, tukazifunga kwenye nailoni na kuzitundika jikoni vilevile. Nyingine tukaziacha kavu. Likizo ikaisha, mdogo wetu akaendelea, kisha akatupigia simu: kati ya 50 zilizokaa jikoni ziliota 17, na kati ya 50 kavu ziliota 45. Bibi hakuzigusa hata moja.

Hatusemi tumegundua kila kitu. Hatujui ni unyevu au ni joto lililoharibu zaidi. Kujua hilo kunahitaji kutenganisha hivyo viwili na kupima upya. Lakini tuhuma dhidi ya bibi haikuwa na pa kusimama tena.

Sayansi ya namna hii haihitaji maabara. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye jokofu ili atengeneze aiskrimu, akaona yake yameganda kabla ya ya mwenzake yaliyowekwa yakiwa hayana moto. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza swali hilo Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka, ila Osborne alirudi chuoni akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Tunachojifunza ni tofauti ya aliyecheka na aliyekwenda kupima.

Wapo wanaodhani kupima hivi ni kupunguza imani. Sisi tunaosoma falsafa tunakutana na Mtakatifu Alberto Mkuu, mwalimu wa Tomaso wa Akwino. Alikuwa askofu, na alichunguza mimea na wanyama kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 1941 Papa Pius XII alimtangaza msimamizi wa wanaosomea sayansi ya maumbile. Na amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Anayeeneza tuhuma ambayo angeweza kuipima kwa kanga na beseni, akaacha, tunaona yuko karibu sana na kuivunja.

Kwa hiyo tunapendekeza: jambo la namna hii likiletwa kwenye jumuiya, tuulize maswali matatu kabla ya kumtaja mtu. Nini kingine kinaweza kuwa chanzo? Tutapimaje? Na tukiona nini, tutakubali kwamba tulikosea? Swali la tatu ndilo gumu, kwa sababu linatudai sisi wenyewe.

Mama alikwenda kwa bibi na mkungu wa ndizi, akaomba radhi, akapokelewa. Likizo ya Krismasi nasi tulikwenda kumsalimu. Tulipogusia habari ile, bibi alisema tu, "Wanangu, siku ile mlikuwa wengi." Hatukuwa na jibu. Tuliomba radhi, tukamsaidia kupalilia maharage yake hadi jioni.