Bi harusi mwalimu, usiondoke kimyakimya



Desemba kwetu visiwani ni mwezi wa harusi. Skuli zimefungwa, jamaa wa Dar es Salaam, Muscat na London wamepata likizo, kumbi zimeshalipiwa zamani, na kila wiki kuna nyumba inayopika biriani. Mwezi huo huo, au siku chache kabla yake, kwenye chumba cha walimu husomwa habari za mwisho wa mwaka: nani anastaafu, nani anahama, nani anakwenda masomoni, nani atashika darasa la kwanza Januari. Mambo haya mawili, harusi na kikao cha walimu, humkuta kwa pamoja mtu mmoja: bi harusi ambaye ni mwalimu. Leo tumzungumzie yeye, na watoto anaowaacha nyuma.

Tuchukue Masakta kuwa mfano wetu. Ni kata ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, mbali na bahari. Ukitoka Babati ukishika lami ya kwenda Singida unafika Katesh, makao ya wilaya, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa mita 3,420. Watu wa Hanang na jirani zao wa Mbulu wengi ni Wairaqw, na wapo Wadatoga, ambao wengi wetu tunawajua kwa jina la Wabarbaig. Kiiraqw ni lugha ya jamii ya Kikushi, haina udugu na Kiswahili. Mtoto wa huko anaweza kuingia darasa la kwanza akiwa na maneno machache tu ya Kiswahili, na mwalimu wake ndiye anayemfungulia mlango wa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa lugha ambayo nyumbani haizungumzwi.

Kwa nini hili lituhusu sisi wa visiwani? Kwa sababu serikali hupanga walimu wa bara kwa mahitaji ya nchi, si kwa ukaribu wa nyumbani. Binti wa Tanga, wa Kondoa, wa Kilwa au wa kisiwa cha Mafia anaweza kuajiriwa akapangiwa Hanang. Mabinti hao ni dada zetu, wakwe zetu na mawifi zetu. Wengi huolewa pwani, na baadhi yao huolewa Unguja na Pemba. Posa inapokubaliwa, swali la kwanza la upande wa mume huwa: "Atahamia lini?" Swali la pili, la watoto atakaowaacha, halina mtu wa kuliuliza.

Sisi tunaona hivi: bi harusi ana haki ya kumfuata mumewe, na hatuna ugomvi na hilo. Tunachokipinga ni kuondoka kimya. Mwalimu anayetoka Desemba na begi la nguo, akasubiriwa Januari na asionekane, ameiacha amana barabarani. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura An-Nisaa tuzirudishe amana kwa wenyewe. Mkufu wa dhahabu ulioazima kwa jirani kuvaa siku ya harusi unaurudisha kwa mkono wako, tena kwa shukurani. Watoto arobaini na tano hawawezi kuwa wepesi kuliko mkufu.

Hiyo arobaini na tano hatukuitoa hewani. Kiwango kilichowekwa kwa skuli za msingi za bara ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na kila anayejua skuli za vijijini anajua kuwa mara nyingi darasa huwa kubwa kuliko hapo. Skuli ikiwa na walimu wachache, akiondoka mmoja bila taarifa, darasa lake hugawiwa waliobaki. Mwalimu wa darasa la tatu anaingia la kwanza na la tatu kwa zamu, anaandika kazi ubaoni huku, anakimbilia kule. Fedha ya ruzuku ya uendeshaji, ambayo kwa msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, haikuwekwa kwa ajili ya kuajiri mwalimu mwengine. Kinachobaki ni wazazi kuchangishana ili wampate kijana wa kujitolea. Mzazi huyo ni mkulima, na Januari ndio msimu wa shamba.

Wilaya ya Hanang ina sababu yake nyengine ya kumthamini mwalimu anayejulikana. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka mlimani yakaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walifariki. Wiki chache baadaye, Januari 2024, skuli zilifunguliwa, na mwezi huo huo mtaala mpya ukaanza kwa darasa la kwanza na la tatu. Fikiria mtoto aliyepoteza jamaa Desemba, anarudi darasani Januari kwenye vitabu vipya. Sura moja anayoijua, ya mwalimu wake, ina thamani ambayo haihesabiki kwenye mshahara.

Mtaala huo ndio unaofanya mipango ya mwisho wa mwaka izidi kuwa nzito. Elimu ya msingi bara inashuka kutoka miaka saba hadi sita. Kwetu Unguja na Pemba miaka sita si jambo geni, lakini wao ndio wanavuka. Walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watafika la sita mwaka 2027, na walioingia la nne mwaka huo huo wa 2024 watafika la saba mwaka 2027. Mikondo miwili itamaliza pamoja. Mwalimu mkuu anayepanga nani atafundisha nini anahitaji kujua mapema ana walimu wangapi hasa. Akihesabu kumi wakati watatu wameshakubali posa za mbali na hawajasema, mpango wake ni hewa.

Tunajua kwa nini mabinti hunyamaza. Mila zetu zinatufundisha kuficha jambo la kheri mpaka litimie. Posa haitangazwi kwa kuogopa hasidi. Mimba ndiyo kabisa, mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Hatuidharau mila hii, ina hekima yake. Lakini kumwambia mwalimu mkuu faraghani si kutangaza kwenye chumba cha walimu. Likizo ya uzazi kwa sheria ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejaaliwa pacha. Siku 84 ni wiki 12, zaidi ya nusu ya muhula kwa mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu mkuu anayejua Novemba anaweza kukupa darasa ambalo lina msaidizi. Anayejua Machi, siku unapojifungua, hana la kufanya. Na mwalimu mkuu naye ajue kuwa siri ya mwanamke ni amana kwake. Akiitoa nje mara moja, hataambiwa tena na yeyote.

Sasa tuseme na wazee wa posa, kwa sababu mzigo huu si wa bi harusi peke yake. Mnapokaa kuzungumza mahari, sanduku na ukumbi, zungumzeni pia kazi ya binti. Iko wapi? Ataiacha, ataihamisha, au mume ndiye atakayehama? Uhamisho wa mtumishi siku hizi huombwa kwenye mfumo wa ESS, na kumfuata mwenza ni sababu inayojulikana, lakini kuomba si kupata. Walimu wa ajira mpya wamekuwa wakiambiwa na serikali wakae miaka mitatu kwenye kituo kabla ya kufikiria kuhama. Na anayehama kwa kuomba mwenyewe hujilipia nauli na mizigo. Kitanda, kabati na vyombo kutoka Hanang mpaka pwani ni gharama ya kuzungumzwa mapema, isije ikawa ugomvi wa fungate.

Kwa anayeolewa Unguja au Pemba kuna la ziada, na wengi hawalijui mpaka wamechelewa. Elimu ya msingi si jambo la Muungano. Mwalimu wa Hanang ameajiriwa na serikali upande wa bara, na skuli za Zanzibar zina mwajiri wao na wizara yao. Kwa hiyo safari yako si uhamisho wa kawaida wa halmashauri moja kwenda nyengine, kama vile kutoka Hanang kwenda Tanga. Uliza kwa maandishi, kwa mwajiri wako na kwa upande wa pili, kabla ya kufunga begi. Tusifanye haraka ya kuandika barua ya kuacha kazi wiki ya harusi, kisha tukae nyumbani miaka tukisubiri ajira.

Wengine watatuambia: "Mume ana haki ya kuwa na mkewe, na mke ana haki ya kuwa na mumewe. Mnataka bi harusi abaki mlimani kwa ajili ya watoto wa watu?" Hapana. Upweke wa mwanamke aliyeolewa ni dhiki ya kweli, na ndoa nyingi za mbali zimevunjika kwa umbali huo. Upungufu wa walimu nao haukuletwa na bi harusi, na haupaswi kuzibwa kwa ndoa yake. Lakini kati ya kubaki milele na kutoweka usiku mmoja kuna njia nyingi. Mume mfanyabiashara anaweza kukaa Katesh mwaka mmoja, ni mji wenye lami na biashara. Wanandoa wanaweza kukubaliana amalize mwaka wa masomo kwanza. Kama kuna masharti mnataka kuyaweka katika ndoa, kaeni na shekhe wenu myajue yanayofaa kabla ya kufunga, si baada ya kugombana.

Na ipo njia ambayo walimu wenyewe wanaijua sana: kubadilishana vituo. Mwalimu wa Tanga ambaye kwao ni Hanang au Mbulu yupo, naye ana wazee wake na mume wake huko. Akija yeye na kwenda wewe, darasa halikai tupu hata wiki moja. Tena huyo atakuja na Kiiraqw chake, atawaelewa watoto wanapokosa neno. Hili halipatikani kwa kutafuta wiki mbili za Desemba. Anza kuulizia siku posa inapokubaliwa.

Ukishapata ruhusa, kabidhi. Mwalimu anayejua kazi yake anajua cha kuacha: daftari la mahudhurio lililojazwa, azimio la kazi linaloonyesha ulipofikia, vitabu vilivyohesabiwa, na karatasi moja ya majina. Hiyo karatasi ya majina ndiyo tunayoisisitiza. Huyu haoni vizuri, akae mbele. Huyu hutembea mbali, msimpige akichelewa. Huyu anajua kusoma ila anaona haya. Huyu amefiwa na mama. Vitu hivi haviandikwi kwenye ripoti yoyote, na ukiondoka navyo kichwani vimepotea. Kisha waage watoto kwa mdomo wako, kabla ya skuli kufungwa. Mtoto anayeagwa hajioni ametupwa.

Kwa dada watakaobaki, mwisho wa mwaka ni wakati wa kusema yenu pia. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na miaka hii inaangukia muhula wa kwanza. Ratiba ikipangwa, omba mapema vipindi vizito viwekwe asubuhi na zamu ya jioni ubadilishane na mwenzako. Kwenye skuli yenye Waislamu wachache, mwenzako huenda hajui hesabu za mwezi, si kwamba hakujali. Na kama wewe ndiye pekee uliyekuwa ukisimamia kipindi cha dini kwa watoto wa Kiislamu, usiondoke bila kuulizia msikiti wa karibu nani atakishika.

Mume mtarajiwa anayesoma haya, nawe una sehemu yako. Mwanamke anayekabidhi darasa vizuri anakuonyesha atakavyoitunza nyumba yako. Usimharakishe kwa simu kila jioni. Muulize watoto wake wa darasani wangapi, na muhula unafungwa lini, kisha pangeni tarehe ya harusi mkijua hayo.

Tunawaombea mabibi harusi wote wa msimu huu ndoa zenye utulivu na mapenzi, na wale walimu miongoni mwao, mioyo mizito kidogo siku ya kuaga. Uzito huo ni dalili kwamba kazi ilifanyika. Amin.