Safu ya Lugha: Mchuzi na Kiimbo

Muhula huu mwenzetu mmoja kutoka Tanga alipata kazi ya jioni mkahawani. Wiki ya pili akaitwa pembeni: wateja wanasema ana ukali. Tulishangaa. Ni mpole kuliko sisi sote, na Kiingereza chake hakina kosa la sarufi.

Tukakumbuka kisa alichokiandika mwanaisimu John Gumperz katika kitabu chake cha mwaka 1982, Discourse Strategies. Katika uwanja mmoja mkubwa wa ndege hapa Uingereza, wanawake wapya kutoka India na Pakistani waliopakua chakula cha wafanyakazi walionekana wakorofi. Kumwuliza mtu kama anataka mchuzi, walisema neno moja tu: "Gravy". Mwingereza hulipandisha sauti mwishoni; wao waliishusha. Mlaji hakusikia swali, alisikia "Mchuzi huu, shika." Kumbe kwao kushusha ndiko kuuliza kwa kawaida.

Sisi Waswahili kupandisha sauti tunakujua, ndiko kunakotenga "Umekula" na "Umekula?" Tunakwama kwenye mkazo. Kwetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na tukitaka kusisitiza tunageuza maneno: "Si mimi niliyekichukua." Mwingereza haongezi neno. Katika "I didn't take it" akikaza "I", ana maana kachukua mwingine; akikaza "take", huenda alikitazama tu. Tukiitamka sentensi hiyo kwa mkazo mmoja siku zote, msikilizaji hajui tunakana nini.

Wenzetu wanaojifunza Kiswahili hukosea kinyume. Tumewasikia wakikaza kiambishi, "NIlikichukua", wakitaraji tuelewe "ni mimi". Nasi, tuseme kweli, tumewacheka.

Hapo ndipo penye hasara. Kosa la sarufi huhesabiwa ugeni. Kosa la kiimbo huhesabiwa tabia. Aliyekosea ngeli husahihishwa, aliyekosea kiimbo hununiwa, na hakuna anayemwambia sababu.

Kwa hiyo Alhamisi tutakaa wawili wawili, mzawa wa Kiingereza na mzawa wa Kiswahili, kila mmoja amsikilize mwenzake na kumwambia alichosikia. Walimu wetu mnakaribishwa. Mwenzetu wa Tanga, ambaye bado yuko kazini, ameahidi kuanza yeye: atatuuliza kama tunataka chai.