Si Kila Moto Husafisha



Katika kilio kimoja huko Katuba, tulikesha pamoja na mama aliyekuwa amempoteza mume wake na, miezi michache kabla ya hapo, mwana wake wa kwanza. Watu waliingia mmoja baada ya mwingine kumpa pole. Wa kwanza alimwambia: "Mama, Mungu anakupima. Yeye humpima yule ampendaye." Wa pili, aliyekuwa mwamini wa kanisa moja la uamsho, alimnong'oneza kwamba vifo viwili katika nyumba moja si jambo la bure, na kwamba inafaa atafute ni nani katika ukoo aliyeifungia familia njia. Wa tatu alikuwa mama wa jumuiya yetu. Hakuhubiri lolote. Aliketi mkekani kando yake, akamshika mkono, na kulipopambazuka akaenda kuchota maji na kuwasha mbabula.

Tangu usiku ule nimejiuliza mara nyingi ni nani kati ya hao watatu aliyemletea mfiwa Injili. Swali hili linatugusa sisi walei kwa karibu, kwa sababu ndio tunaotumwa kwa wagonjwa, kwa wafiwa na kwa wafungwa. Neno tunalolibeba kuingia katika nyumba ya msiba linaweza kuitegemeza imani ya mtu, na linaweza pia kuivunja.

Tumezoea kusema kwamba mateso hukomaza imani, na kwa kusema hivyo tunamtegemea Mtume Paulo, aliyewaandikia Warumi kwamba taabu huleta uvumilivu, uvumilivu huleta uthabiti, na uthabiti huleta tumaini. Lakini wengi wetu tunaikata sentensi yake kabla haijaisha. Paulo anaendelea kueleza kwa nini tumaini hilo halimwaibishi mtu: ni kwa sababu upendo wa Mungu umemiminwa mioyoni mwetu kwa Roho Mtakatifu. Ukiuondoa upendo huo, ngazi yote inaanguka. Mateso peke yake hayana uwezo wa kumfanya mtu awe mwema. Maoni yangu katika tafakari hii ndiyo hayo, na naomba niyaeleze kwa mambo ambayo sisi wa Katanga tumeyaona kwa macho yetu.

Watu wa Lubumbashi tumekulia chini ya lile bomba refu la moshi la kiwanda cha kuyeyusha shaba, na kando yake umesimama mlima mweusi wa mabaki. Mtume Petro alilinganisha imani na dhahabu inayojaribiwa kwa moto. Sisi tunajua zaidi habari za shaba, na kila aliyefanya kazi kwenye tanuri atakuambia kwamba moto ule ule unaotoa shaba ndio uliotoa mlima ule. Ndivyo ilivyo kwa mwanadamu. Nimewaona watu waliotoka katika ugonjwa mrefu wakiwa wapole, wenye subira na wepesi wa kusamehe. Nimewaona pia waliotoka katika ugonjwa huo huo wakiwa wakali na wachungu, wasioweza kufurahia heri ya jirani.

Jambo hili limetokea pia kwa umma mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maisha yalikuwa magumu kwetu. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, uzalishaji wa Gécamines ukashuka vibaya, na bei za vyakula zikapanda kila siku. Je, dhiki ile ilitufanya watakatifu? Mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Familia nyingi zilikaa wiki na miezi kwenye stesheni za reli zikingoja treni, na wengi, wakiwemo watoto na wazee, walifia pale pale au njiani. Kati ya waliofukuza na kati ya waliofukuzwa walikuwemo watu wengi waliobatizwa kwa ubatizo mmoja. Ni kweli kwamba wanasiasa waliuchochea moto ule, lakini waliukuta moyo uliokwisha kukauka kwa maumivu na uliokuwa ukitafuta mtu wa kumbebesha. Kila mmoja wetu mwenye umri wa kukumbuka na ajiulize mlango wake ulikuwa wazi au umefungwa siku zile.

Baadaye likaja pigo jingine. Wazee wetu walisema kwamba Gécamines ndiyo baba, ndiyo mama, kwa kuwa ilitoa mshahara, nyumba, chakula, shule na hospitali. Kisha mishahara ikakoma kwa miezi mingi mfululizo, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Katika kambi za wafanyakazi palikuwa na akina tata waliozama katika pombe, na wengine waliokufa kwa huzuni. Palikuwa pia na akina mama ambao hawakuwa wamewahi kufanya biashara, wakaanza kuuza unga, makala na samaki wa kukaushwa, wakalima mashamba nje ya mji, wakawasomesha watoto. Dhiki ilikuwa moja, nayo haikumfanya kila mtu kuwa yule yule.

Ni kitu gani basi kinachotenganisha shaba na mabaki? Tuangalie Wakristo wawili wa nchi yetu, wote wawili walei kama sisi, ambao Kanisa limewatangaza wenyeheri.

Isidore Bakanja alikuwa kijana wa Équateur, mfanyakazi wa mikono, aliyebatizwa mwaka 1906. Alipokuwa akitumika katika shamba la kampuni ya kikoloni huko Ikili, msimamizi aliyewachukia Wakristo alimwamuru avue skapulari ya Bikira Maria. Alikataa. Mwanzoni mwa 1909 alipigwa mapigo zaidi ya mia moja kwa mjeledi wa ngozi wenye misumari. Vidonda vyake vilioza, na baada ya miezi ya maumivu alifariki tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994.

Twapenda kukumbuka kwamba Bakanja alimsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea mbinguni. Ni kweli, na ni tendo kuu. Lakini tunasahau sehemu nyingine ya habari yake. Mkaguzi wa kampuni alipokuwa njiani kuja, msimamizi alitaka kumwondoa Bakanja ili vidonda visionekane. Bakanja alijificha msituni, na mkaguzi alipopita alijitokeza, akamwonyesha mgongo wake na kumweleza ni nani aliyempiga na kwa sababu gani. Kwake yeye, kusamehe hakukuwa kunyamaza. Hakumlipa mtesi wake chuki, wala hakumsaidia kuuficha uovu wake. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja ndani ya moyo mmoja, na hapo naona alama ya imani iliyopita motoni ikabaki hai.

Wa pili yuko karibu nasi kwa miaka na kwa aina ya kazi. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma na mwanajumuiya wa Sant'Egidio, alikuwa mtumishi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Alikuwa rafiki wa watoto wa mitaani. Alipoletewa vyakula vilivyoharibika ili avipitishe, alipewa ahadi ya pesa, kisha akatishwa, naye akakataa kwa sababu aliwafikiria watu ambao wangevila. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa nyara, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Hapa ninaomba tusimame kidogo, maana sisi nasi tuna mpaka wetu wa Kasumbalesa. Baadhi yetu tunafanya kazi forodhani, wengine katika ofisi za kodi, shuleni na katika makampuni ya migodi. Tunapozungumza juu ya mateso, mara nyingi tunawaza ugonjwa na kifo, mambo yanayotujia bila kuulizwa. Bwana Chui anatukumbusha mateso ambayo Mkristo anayapata kwa sababu amesema hapana: kunyimwa cheo, kuhamishwa, kuchekwa na wenzake kwamba hajui kuishi, kuonekana mjinga mbele ya familia yake inayohitaji mchele. Kila siku wapo katika mji huu wanaobeba msalaba huu mdogo, na hakuna anayewapigia makofi. Imani yao hukua hapo, kwa kuwa pale mezani walichagua kumpenda mtu wasiyemjua kuliko bahasha waliyoiona.

Kutokana na mifano hii naona makosa mawili ambayo inatupasa kuyaepuka.

La kwanza ni lile la mgeni wa pili pale kilioni, linalohubiriwa leo karibu kila barabara: kwamba anayeteseka ana dhambi iliyofichika, au hana imani ya kutosha, au amelogwa. Wanafunzi walimwuliza Yezu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, naye akakataa hesabu hiyo. Alifanya vilevile alipoambiwa habari za mnara wa Siloamu ulioua watu kumi na wanane. Mafundisho haya ya kutafuta mchawi yamewafukuza watoto wengi majumbani mwao, nao wanalala katika masoko yetu. Mkatoliki anayekwenda misa asubuhi na kwa mfichua wachawi jioni anashiriki dhambi hiyo.

Kosa la pili ni letu hasa, nalo ni gumu zaidi kuliona kwa sababu limevaa nguo za uchaji. Ni kumwambia mama anayepigwa na mumewe, au mchimbaji asiyelipwa jasho lake: "Beba msalaba wako." Katika Injili zote hatumwoni Yezu akimwambia mgonjwa aupende ugonjwa wake. Aliwaponya. Yeye mwenyewe, kule Getsemani, aliomba kikombe kile kimwepuke kabla ya kujikabidhi kwa mapenzi ya Baba. Msalaba aliupokea kwa upendo. Wale waliomtundika hawakusifiwa kwa hilo. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kuyatumia mateso ya Bwana kuwanyamazisha wanaoonewa. Katika jimbo letu, Askofu Mkuu Eugène Kabanga alilielewa jambo hili. Mwaka 1976, wakati ambapo wengi waliogopa kusema, aliwaandikia waamini barua ya kichungaji iitwayo "Je suis un homme", yaani "Mimi ni mtu", akaukemea uroho wa mali uliokuwa ukiwaangamiza maskini.

Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Salvifici Doloris ya tarehe 11 Februari 1984, aliyaunganisha mambo haya mawili pale alipomtafakari Msamaria Mwema: Kristo anatufundisha kutenda mema kwa njia ya mateso yetu, na kumtendea mema yule anayeteseka. La kwanza kila mtu na alichague mwenyewe katika sala yake, kwa maana hakuna awezaye kulichagua kwa niaba ya mwingine. La pili ni wajibu wetu sote.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa wanachama wetu. Tunapoingia katika nyumba ya msiba, tuwe wepesi wa kushika ndoo na wazito wa kueleza makusudi ya Mungu. Pale ambapo mateso yanatoka kwa mtu anayeonea, tumsindikize anayeonewa hadi kwa padri, kwa wazee, na ikibidi mbele ya sheria. Na yule kati yetu anayepata hasara kwa kukataa rushwa asiachwe peke yake. Jumuiya imjue, imwombee, na siku watoto wake wakirudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya karo, isaidie.

Lakini vipi wale ambao mateso yamewaacha wachungu? Pengine ni wewe unayesoma, na unajua kwamba hukutoka motoni ukiwa shaba safi. Tangu miaka ya 2000, ule mlima mweusi wa mabaki ulioonekana kuwa takataka umekuwa ukichakatwa upya, kwa sababu ndani yake iligunduliwa kobalti. Ikiwa wanadamu wameona thamani katika kilichotupwa, Mungu hashindwi kuiona ndani yetu. Sakramenti ya Kitubio ipo kwa ajili hiyo.

Yule mama wa Katuba bado ana siku ambazo hawezi kusali, naye hazifichi. Hajawahi kuniambia kwamba ameelewa kwa nini alipata yaliyompata. Lakini wiki mbili zilizopita kulikuwa na kilio katika nyumba nyingine ya jumuiya yetu. Nilipofika alfajiri nilimkuta ameketi mkekani karibu na mfiwa, kimya, na mbabula ilikuwa imekwisha kuwashwa.