Mkopo wa Hadithi

Wahenga walisema kwamba kukopa ni arusi, kulipa ni matanga. Neno hilo hutajwa zaidi katika mambo ya fedha, lakini lafaa pia katika elimu. Mwanafunzi naye ni mkopaji, na siku moja hudaiwa.

Na afikiriwe, kwa mfano, kijana wa Magogoni, upande wa Kisauni, aliyeingia chuo ili ajifunze kazi ya kuandika. Karo yake hulipwa na mjomba wake kwa fedha za nazi. Siku ya mapumziko kijana avuka daraja la Nyali na kitabu kwapani, afika nyumbani, ampa mjomba shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Umesoma nini muhula huu?"

"Mchezo wa Kiingereza, mjomba, alioutunga Shakespeare. Ni habari za Julius Caesar, mkuu wa Rumi, aliyeuawa na rafiki zake."

"Ilikuwaje hata rafiki wakamwua?"

Kijana anyamaza. Majina yote ya mchezoni ayajua, na majibu ya mtihani amekwisha kuyahifadhi. Lakini kuisimulia habari ile kwa lugha ya mama yake hawezi.

"Basi," auliza mjomba, "nazi zangu zimekwenda wapi?"

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Kwanza, yafaa ijulikane kwamba Shakespeare mwenyewe alikuwa mkopaji. Alizaliwa mwaka 1564, akafa mwaka 1616, wala hakusoma chuo kikuu cho chote. Habari za Caesar hakuzibuni. Ziliandikwa zamani na Plutarch, Myunani. Jacques Amyot akazitia katika Kifaransa mwaka 1559. Thomas North akazitoa katika Kifaransa, akazitia katika Kiingereza mwaka 1579. Shakespeare akazichukua, na mwaka 1599 mchezo wake ukachezwa mjini London mbele ya watu wa kila namna, hata wenye peni moja tu waliosimama uwanjani. Alikopa kwa wageni, akalipa kwa lugha ya watu wake.

Pili, mwanafunzi atazame jinsi kazi ilivyofanywa. Katikati ya mchezo ule watu wawili wasema mbele ya maiti ya Caesar. Brutus, mmoja wa wauaji, atangulia. Asema kwa maneno ya kawaida yasiyo ya shairi, atoa sababu zake, na watu waridhika. Kisha afanya kosa kubwa: aondoka, amwachia Antony nafasi. Antony asema kwa shairi. Awasifu wauaji, lakini kila arudiapo sifa zile zageuka kuwa chungu. Awaonyesha watu vazi lililotobolewa kwa majambia, na wasia wa marehemu. Na umati ule ule uliomshangilia Brutus wakimbia kwenda kuchoma nyumba. Mtungaji hakusema mahali po pote nani mwema na nani mwovu. Ameyaacha maneno ya kila mtu yamfichue mwenyewe. Ye yote aliyepata kuhudhuria kesi ya shamba, au mkutano wa kuomba kura, awajua watu hao wawili.

Tatu, mkopo huu umekwisha kulipwa hapa kwetu, tena mara nyingi. Mwaka 1867 padre Edward Steere alitoa Unguja hadithi nne zilizotokana na michezo ya Shakespeare kwa Kiswahili. Ile ya mfanyabiashara wa Venisi akaiita "Kuwia na Kuwiwa". Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri ya mchezo wa Julius Caesar. Akairekebisha na kuitoa tena kwa jina la "Juliasi Kaizari" mwaka 1969, mwaka ule ule aliotoa "Mabepari wa Venisi". Samuel Mushi naye alitoa "Makbeth" mwaka 1968.

Lakini kufasiri ni nusu ya deni. Katika shule ya Alliance, Kikuyu, ambako michezo ya Shakespeare ilichezwa na wanafunzi wenyewe, mmoja wao, Henry Kuria, alitunga mchezo wa Kiswahili uitwao "Nakupenda, Lakini...", uliopigwa chapa mwaka 1957. Na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa aliyesomea sanaa ya michezo Dar es Salaam, alitoa "Kinjeketile" mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Hao hawakukopa hadithi. Walikopa chombo, wakakipakia shehena ya kwao.

Basi kijana wa Magogoni asikitupe kitabu kwa sababu ni cha kigeni, wala asikihifadhi kama kasuku kwa ajili ya mtihani. Akirudi nyumbani, na ayasome maneno ya Brutus na ya Antony kwa Kiswahili, kwa sauti, barazani baada ya chakula cha usiku. Wazee watabishana: huyu atasema Brutus alikuwa na haki, yule atasema Antony ni mjanja aliyeuponza mji. Hapo kijana ajifunge kusikiliza, maana ubishi wao ni somo asilolipata darasani. Kisha ashike kalamu, atunge habari ya mahali pake: ndugu wawili na shamba moja la minazi, mmoja ana hati, mwingine ana makaburi ya wazee. Kila mmoja apewe maneno yake yenye nguvu, na mtungaji asimpendelee hata mmoja.

Siku mchezo huo utakaposomwa Magogoni, na watu wakaanza kubishana tena, mjomba hatauliza nazi zake zilikwenda wapi.