Lenzi Pana na Mto Katuma

Apigaye picha Katavi hupenda lenzi ndefu imvutayo kiboko karibu. Picha hupendeza, lakini hufundisha machache. Katika hifadhi hiyo ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1974, viboko hubanana kiangazi katika madimbwi yaliyosalia ya Mto Katuma. Jambo kubwa hapo si meno ya kiboko mmoja, bali ni uchache wa maji.

Hesabu ni nyepesi. Kwa kamera ambayo picha yake ndani ina upana wa milimita 36, lenzi ya milimita 200 huona mita 18 tu za bonde lililo umbali wa mita 100; lenzi pana ya milimita 24 huona mita 150. Tena, kamera ndogo za siku hizi hazina kile kioo cha ndani. Hivyo lenzi pana huweza kukaa nyuma zaidi, nayo ikaundwa ndogo na nyepesi.

Kiboko ataonekana mdogo; si hoja. Wanafunzi wa Mpanda wakisimama Sitalike mahali pale pale, mwezi ule ule, kila mwaka, wataacha ushahidi wa hali ya mto. Bila ushahidi huo, kukauka kwake kutabaki kuwa masimulizi ya wazee.