Heshima ya Nkambo ni ya Lini?

Hapa kwetu Bel-Air, nkambo akifa hapakosi kitu. Turubai latandazwa, viti vya kukodi vyajaa barabarani, sanduku lang'aa, wajukuu wavaa fulana zenye picha yake. Hata yule ambaye hakuonekana nyumbani miaka mitatu aja kulia kwa sauti kupita wote. Nasi tunaokwenda kusalisha katika vilio twauliza: fedha hizi zilikuwa wapi mzee alipokosa bukari?

Hatusemi marehemu wasahauliwe. Hasha! Kuwaombea ni imani ya Kanisa, na tarehe 2 Novemba twaenda makaburini kwa haki. Tunalolikemea ni kumpamba mtu maiti ili kuficha jinsi alivyotupwa akiwa hai. Mafarisayo waliita mali yao Korbani, yaani sadaka ya Mungu, wakawanyima wazazi. Bwana Yesu akawakaripia (Marko 7). Korbani yetu sisi ni turubai na fulana.

Tena wazee hawa ni nani? Wengi walikuwa wafanyakazi wa Gécamines, ile iliyoachisha kazi watu zaidi ya 10,000 mwaka 2003, baada ya miezi mingi bila mshahara. Zamani mishahara hiyo ndiyo iliyotununulia madaftari. Leo mwenye kusomeshwa nayo amwona mzee kuwa mzigo!

Na liko ovu kubwa zaidi. Mtoto akiugua, au kazi ikikosekana, hutafutwa mzee wa kusingiziwa uchawi. Macho mekundu kwa moshi wa makala, basi, ushahidi umetosha! Aliyebatizwa anena hivyo bila haya, kisha mzee akifa yeye ndiye wa kwanza kuandikisha Misa.

Papa Fransisko aliweka mwaka 2021 siku ya mababu na wazee, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Tuliishukuru. Lakini mzee huona njaa hata Agosti.

Kwa hiyo jamaa watakaotuita kupanga kilio, tutawauliza kwanza: ni nani aliyempikia mzee mwezi wake wa mwisho, na nani aliyemfulia shuka? Kusali tutasali. Wakikasirika kwa swali hilo, na wakasirike.