Afya ya Familia: Meno ya Mtoto Hujengwa Tumboni mwa Mama

Wazazi wengi huanza kuyafikiria meno ya mtoto siku ile jino la kwanza linapochomoza katika ufizi wa chini, kwa kawaida mtoto afikapo umri wa miezi 6 hivi. Siku hiyo huwa ya furaha nyumbani. Hata hivyo, jino hilo si geni mwilini. Limekuwa likijengwa kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya ujenzi huo ilifanyika kabla mtoto hajazaliwa. Yafaa kila baba na kila mama alifahamu jambo hili, kwa kuwa kutolifahamu kumewapotezea watoto wengi meno yao, na wengine uhai wao.

MBEGU ZA MENO

Kazi huanza mapema mno. Katika wiki ya 6 hivi tangu mimba kutungwa, wakati mtoto hajapita ukubwa wa punje ya haragwe, ngozi laini ya ndani ya kinywa hunenepa na kufanya ukanda uliopinda kama upinde katika kila taya. Katika ukanda huo huchipuka vinundu 10 taya la juu na vinundu 10 taya la chini. Hizo ndizo mbegu za meno 20 ya utoto.

Kufikia wiki ya 8 kinundu huwa kama tumba la ua. Baadaye hubonyea na kufanana na kofia, kisha huchukua umbo la kengele. Ndani ya kengele hiyo ziko chembechembe za aina mbili zinazoelekeana. Zile zitokazo katika ngozi ya kinywa hujenga enameli, yaani gamba jeupe lililo gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Zile za ndani hujenga dentini, ambayo ndiyo mwili wa jino, nayo huzunguka nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Dentini hutangulia kidogo na enameli hufuata. Upande mmoja hauwezi kazi bila ya mwenzake.

Mpaka hapo jino ni laini kama nyama. Ugumu huja tangu mwezi wa 4 wa mimba, madini ya chokaa na ya fosforasi yanapoanza kutua ndani yake. Meno ya mbele hutangulia, na magego hufuata.

Siku mtoto anapozaliwa, meno yote 20 yamo ndani ya mataya, lakini hayalingani. Meno ya mbele ya katikati yamekwisha pata sehemu kubwa ya enameli yake. Jino la chonge limepata kama theluthi moja tu, nalo huendelea kujengwa hadi mwezi wa 9 hivi baada ya kuzaliwa. Msomaji alikumbuke jino hilo, kwa maana habari zake zitarejea hapa chini. Hata gego la kwanza la ukubwani, ambalo huota mtoto afikapo miaka 6, mbegu yake huchipuka mtoto angali tumboni.

Mara chache mtoto huzaliwa jino moja limekwisha chomoza. Zamani katika pwani ya Afrika Mashariki mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akaogopwa kuwa mkosi. Hakuna mkosi wowote: mara nyingi jino hilo ni mojawapo ya yale 20, nalo limewahi kutoka tu.

KUMBUKUMBU ISIYOFUTIKA

Mfupa uliovunjika huunga. Enameli haiungi, kwa sababu chembechembe zilizoijenga hufa jino linapochomoza. Kwa hiyo kila dhara lililoipata wakati wa ujenzi hubaki humo.

Hata kuzaliwa kwenyewe huacha alama. Mwaka 1936 mtaalamu Isaac Schour wa Marekani alieleza juu ya mstari mwembamba, uonekanao kwa darubini tu, unaoitenga enameli iliyojengwa tumboni na ile iliyojengwa baada ya kuzaliwa. Mstari huo umewafaa hata polisi. Yanapookotwa mabaki ya mtoto mchanga, wataalamu waweza kuutafuta katika meno. Ukionekana, ni ushahidi kwamba mtoto alizaliwa hai na akaishi siku kadhaa.

MAMBO YANAYODHURU

Wako wasemao kwamba kila mimba humpokonya mama jino moja. Si kweli. Mtoto hupata chokaa katika chakula cha mama, na kikipungua huipata katika mifupa ya mama, wala si katika meno yake. Meno ya mama huharibika kwa sababu ya kutapika, kula vitu vitamu mara kwa mara, na fizi zinazovimba na kutoka damu wakati wa uja uzito. Dawa yake ni kupiga mswaki kila siku na kumwona daktari wa meno.

Mama mja mzito ahitaji maziwa, dagaa waliwao pamoja na mifupa yao, mayai, maharage na mboga za majani. Upungufu mkubwa wa chakula, na pia mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, huweza kuacha enameli nyembamba yenye vishimo, nayo huoza upesi.

Dawa pia zina hatari. Tetrasaiklini ikimezwa tangu mwezi wa 4 wa mimba hunasa katika madini ya meno ya mtoto na kuyatia rangi ya manjano au kahawia isiyosafishika. Watoto walio chini ya miaka 8 nao wasipewe dawa hiyo ila kwa amri ya daktari.

Kaswende nayo hupita kwa mama na kumfikia mtoto. Jonathan Hutchinson, daktari wa London katika karne ya 19, ndiye aliyeeleza jinsi meno ya mbele ya ukubwani ya watoto hao yanavyokuwa membamba nchani na yenye pengo. Kipimo cha damu katika kliniki ya wajawazito huugundua ugonjwa huo, na sindano za penisilini huuponya. Mume naye hana budi kupimwa na kutibiwa.

"MENO YA UWONGO"

Sasa habari ya jino la chonge. Katika sehemu nyingi za Uganda mtoto mchanga akiharisha, akipata homa na kukataa kunyonya, watu husema ana ebiino, yaani meno ya uwongo. Tanzania waliyaita meno ya nailoni au ya plastiki. Mtu anayejiita mtaalamu huupasua ufizi palipovimba kwa kisu au spoki ya baiskeli, akatoa kitu cheupe na laini, akawaonyesha wazazi kuwa ndicho kilichomwuguza mtoto.

Kitu hicho si mdudu, wala si jino la uwongo. Ni jino lenyewe la chonge. Ni laini kwa sababu ujenzi wake haujaisha, na ufizi umeinuka kwa sababu jino linakua. Mtoto hutokwa na damu nyingi, hupata pepopunda au sumu ya vijidudu katika damu, na kisu kisicho safi chaweza kumwambukiza Ukimwi. Wengine hufa. Walionusurika mara nyingi huota jino la ukubwani lililopotoka, au halioti kabisa, kwa kuwa mbegu yake ilikuwa karibu.

Mtoto huyo alikuwa akiugua kweli, lakini ugonjwa haukuwa katika ufizi. Ulikuwa kuhara au malaria. Mama aendelee kumnyonyesha, ampe maji ya chumvi na sukari (lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi), kisha ampeleke zahanati siku hiyo hiyo ili damu yake ipimwe.

Askari aliye kazini mbali na kambi hawezi kuwapo kila mtoto anapougua usiku. Lakini aweza kuafikiana na mkewe mapema, na kuwaeleza mama mkwe na majirani, kwamba ufizi wa mtoto wao hautapasuliwa na mtu yeyote. Neno hilo na lisemwe kabla safari haijaanza, ili mama asibaki peke yake kulitetea jino alilolijenga kwa mwili wake.